Nilivyopata Vitabu vya Picha Ambavyo Watoto Wanavigombania

Naendesha kituo cha kulelea watoto mchana hapa Pasua, Moshi, na watoto wangu wengi wana umri wa miaka 2 hadi 5. Nimeambiwa mara nyingi, tena na watu waliosoma, kwamba kitabu chenye picha nyingi na maneno machache ni kupoteza fedha, kwa kuwa mtoto “anaangalia tu, hasomi”. Ushauri huu umenikera vya kutosha, na ndiyo sababu naeleza nilivyofanya mimi.

Mwalimu mmoja mstaafu, mzee ninayemheshimu, aliniletea kitabu kinene cha alfabeti kilichochapwa ng’ambo, akanihakikishia kwamba hicho ndicho kitakachowafungua watoto akili. Nilikitumia kila asubuhi baada ya uji. Tufaha walilitambua mara moja. Tulipofika kwenye nyumba ya barafu, mmoja akasema ni banda la kuku, mwingine akashikilia kwamba ni bakuli lililofunikwa, na nilipowaeleza habari za barafu wakageukia Mlima Kilimanjaro na kuniuliza ni akina nani wanaolala kule juu. Swali lilikuwa zuri, lakini ukurasa uliofuata ulikuwa na mtungi, na mtungi haukuwa na uhusiano wowote na ile nyumba. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe: kila picha ilisimama peke yake, kwa hiyo mtoto hakuwa na sababu ya kutaka kufunua ukurasa wa mbele. Muda si muda walikuwa wamekwisha kutawanyika uani.

Tangu hapo nina kipimo changu, nami najivunia. Nikienda kwa wauza vitabu vya mitumba, nafunika maneno yote kwa kipande cha karatasi, kisha namwita mtoto yeyote aliye karibu na kumwuliza, “Hapa kunatokea nini?” Siku moja nilimfanyia hivyo binti mdogo wa muuzaji kwa kitabu cha kuku anayemtafuta kifaranga wake. Yule binti alikaa kimya kwa kurasa mbili, halafu akagusa ukingo wa beseni lililochorwa pembeni na kusema, “Si huyu hapa!” Kweli, mkia wa kifaranga ulikuwa umechungulia chini ya beseni, na maneno hayakuutaja popote. Baba yake akaniuliza, “Mama, unanunua kitabu au unasahihisha mtihani?” Nilikinunua palepale kwa elfu tatu hivi, na hicho ndicho kitabu kilichochakaa kuliko vyote kituoni, kwa sababu kila mtoto anataka awe wa kwanza kumwonyesha mwenzake ule mkia.

Kwa vitabu vipya, tafuteni hadithi za Kiswahili zilizotolewa kwa msaada wa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991. Nikikuta kazi ya John Kilaka, Mtanzania anayeandika na kuchora mwenyewe kwa mtindo wa Tingatinga, sina haja ya kufunika maneno: wanyama wake wamevaa nguo za rangi kali, na kila pembe ya ukurasa ina jambo la kuulizia.

Mwenye fedha kidogo asikate tamaa. African Storybook, mradi wenye makao yake Afrika Kusini, umeweka kwenye intaneti hadithi nyingi za picha, za Kiswahili zikiwemo, na leseni yake inaruhusu kuzichapa bila malipo. Zimepangwa kwa ngazi kulingana na wingi wa maneno. Kwa watoto wa miaka 3 nachukua ngazi ya kwanza. Chapa ya rangi steshenari hugharimu mia kadhaa kwa ukurasa, na bei hupungua ukichapa nyingi kwa pamoja. Pini za steshenari zilikuwa zikifyatuka na kuwachoma watoto vidole, kwa hiyo makaratasi nikampelekea fundi viatu wa mtaani kwetu. Aliyakunja katikati, akapitisha uzi wake wa nta kwenye mkunjo kwa sindano ileile ya kushonea soli, na tangu hapo hakuna ukurasa uliochomoka. Mwambieni tu asikaze uzi mno, maana karatasi nyembamba huchanika kwenye matundu, na jalada liwe la karatasi ya manila.