Golf GTI ipi? Wiki sita chini ya magari ya watu

Nilijifunza kuendesha kwenye Volkswagen Golf GTI ya mjomba, kizazi cha pili, nyeusi, yenye mstari mwekundu kuzunguka grili. Kiti cha dereva kilikuwa kimelika upande wa mlangoni, na asubuhi mjomba alikuwa hataki mtu aongee injini inapowaka. Alitaka kuisikiliza kwanza. Leo nina miaka arobaini na moja, na mwaka huu nimepata GTI yangu mwenyewe: iliyotumika, ya kizazi cha saba, toleo la kabla ya marekebisho ya 2017. Imenichukua wiki sita na magari manne, yote nikiyalalia chini na tochi mdomoni.

Sikutaka gari lolote lile. Nilitaka GTI ya gia za mkono. Hapo ndipo nilidhani uchaguzi umekwisha, kumbe ndio kwanza ulikuwa unaanza. Ndani ya neno hilo moja kuna gredi, kuna vifurushi, kuna vikorokoro ambavyo mwenye gari wa kwanza alitia alama kwenye fomu akanunua, na kuna vilivyobandikwa baadaye. Muuzaji atakutajia vyote kwa pumzi moja kana kwamba vina uzito sawa. Mimi nilijiwekea swali moja kwa kila kitu: je, hiki naweza kukifunga mwenyewe baadaye, au kilizaliwa na gari?

Gari la kwanza halikuwa hata GTI. Tangazo lilisema "GTI look", na nikaenda kwa sababu picha zilikuwa nzuri na kilomita zilikuwa chache. Lilikuwa R-Line: bampa kali, spoila, usukani uliokatwa chini, na injini ndogo ya petroli. "Kaka, hii na GTI ni mtu na pacha wake," kijana aliyekuwa akiliuza akaniambia, na naamini hakuwa ananidanganya kwa makusudi. Yeye mwenyewe alikuwa anaamini. Lakini nenda nyuma uangalie mabomba ya moshi. GTI ya kizazi hiki ina bomba moja kila upande. GTD, ambayo ni dizeli ya farasi 184, ina mawili, yote upande wa kushoto. Golf R, yenye nguvu kuliko GTI, ina manne, mawili kila upande. Kisha inama uangalie ekseli ya nyuma: Golf zenye injini za nguvu ndogo zina boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, wakati GTI ina mikono kadhaa kila upande na kila gurudumu linajitegemea.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji kuchafua nguo. Zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukihesabu. Golf ya kawaida huzunguka mara 2.75, GTI mara 2.1 tu, kwa sababu meno ya usukani wake yamekatwa tofauti, yanaongeza kasi kadiri unavyokata kona. Ekseli, usukani, injini: hakuna hata kimoja cha kufunga gereji mwishoni mwa wiki. R-Line ni gari zuri kwa anayelitaka hivyo lilivyo. Mimi sikulitaka.

Sasa GTI zenyewe. Hapa naomba nikae kidogo, maana wiki nzima nilisoma tofauti hizi usiku mpaka mke wangu akazima taa.

GTI ya kawaida ya kizazi cha saba ina injini ya lita 2.0 yenye turbo, farasi 220 na msokoto wa Nm 350. GTI Performance ina farasi 230 na msokoto uleule wa Nm 350. Kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, ya kwanza inatumia sekunde 6.5, ya pili 6.4. Spidi ya juu ni 246 dhidi ya 250. Ukisoma tarakimu hizo peke yake utasema Performance ni beji tu, na wengi husema hivyo. Farasi kumi hutazisikia kamwe.

Kilicho muhimu hakimo kwenye tarakimu hizo. Performance ina diski za breki za mbele zenye kipenyo cha milimita 340, wakati ya kawaida ina 312. Za nyuma ni 310 zenye nafasi ya kupitisha hewa, wakati ya kawaida ina 300 zisizo na nafasi hiyo. Na ina difu (kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) yake ya pekee, inayoitwa VAQ: klachi ndogo yenye sahani nyingi, inayobanwa na pampu ya umeme, iliyokaa kati ya giaboksi na shafti ya gurudumu la kulia. Ukikanyaga mafuta ukiwa kwenye kona, gurudumu la ndani likitaka kuteleza, sahani zinabana na nguvu inahamia gurudumu la nje lenye mshiko. GTI ya kawaida nayo inajitahidi kwa kulipiga breki kidogo gurudumu la ndani, mfumo unaoitwa XDS. Ni akili nzuri, lakini tofauti ni kubwa: mmoja unapeleka nguvu mahali inapohitajika, mwingine unaila kwa breki.

Kwa hiyo nilitoka nyumbani nikiwa nimeamua: Performance, gia za mkono, basi.

Gari la pili, hata hivyo, lilikuwa GTI ya kawaida iliyopakiwa kila kitu. Ngozi nyeusi, paa la kioo, rimu za inchi 19 zinazoitwa Santiago, na shokapu za DCC ambazo hubadilika ugumu kwa kubonyeza kitufe. Ukiliona limeoshwa, moyo unaruka. Mimi nina urefu wa mita 1.91. Nilipoketi, kichwa kiligusa dari, kwa sababu paa la kioo na reli zake hula nafasi ya juu. Niliteremsha kiti mpaka mwisho, bado. Nikainua zulia upande wa abiria na kulikuta lina unyevu. Paa hizo zina mifereji midogo pembeni ya kutolea maji ya mvua, ikiziba kwa vumbi na majani maji yanatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni miguuni pako.

DCC nayo ni nzuri, sikatai. Barabara ikiwa mbovu unalegeza, ikinyooka unakaza. Ila kwenye gari la miaka zaidi ya minane lazima ujiulize shokapu hizo zina umri gani, kwa sababu zile zenye waya ni ghali kuzibadilisha kuliko za kawaida, na zikivuja zinavuja kama nyingine zote. Tairi za 235/35 kwenye rimu za inchi 19 zina ukuta mwembamba mno kwa shimo lolote la maana. Nilipitisha kidole ndani ya rimu ya mbele kulia nikakuta imepinda. Kila kitu kilichopendeza kwenye gari lile kilikuwa kitu cha kuongeza matengenezo, na hakuna hata kimoja kilicholifanya likate kona vizuri zaidi ya GTI tupu.

Viti vya ngozi pia vilinisikitisha, na hapa ni mapenzi yangu tu. GTI ya kwanza, iliyoanza kuuzwa 1976 ikiwa na farasi 110, ilikuwa na viti vya kitambaa cha drafti, kazi ya mbunifu Gunhild Liljequist, ambaye pia ndiye aliyebuni kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu. Kizazi cha saba kimeendeleza kitambaa hicho. Hakiteleshi kwenye kona, hakiunguzi kwenye jua, na baada ya miaka kumi bado kina sura. Kuna watu wanalipia zaidi ili kukiondoa. Siwaelewi.

Gari la tatu ndilo lililonivunja moyo. GTI Performance, gia za mkono, nyeupe, viti vya drafti, hakuna paa la kioo. Breki za mbele zimeandikwa GTI juu ya kalipa, yaani kibanio kinachoshika diski, alama nzuri ya kutambua kifurushi hicho, kwa sababu kalipa nyekundu tupu ziko kwenye GTI zote. Kulikuwa kumenyesha. Nikaingia mzunguko wa barabara gia ya pili, nikakanyaga mafuta mapema kuliko nilivyozoea, nikisubiri pua ya gari ikimbilie nje ya kona. Haikukimbia. Ilivutwa ndani, kana kwamba mtu amelishika gari kwa kamba. Nilizunguka mara tatu. Mwenye gari alicheka akaniambia, "Kaka, tutatapika."

Kisha nikafanya jaribio la klachi. Gia ya nne, injini kwenye mizunguko 2,000, kanyaga mafuta mpaka chini. Klachi nzima, mshale wa mizunguko na wa spidi hupanda pamoja. Hapa mshale wa mizunguko uliruka peke yake na spidi ikabaki nyuma. Nikafungua boneti, nikakuta alama za klampi kwenye bomba la hewa ambalo si la kiwandani tena. Injini ilikuwa imeongezwa nguvu kwa programu na kurudishwa kabla ya kuuzwa. Tairi mbili za mbele zilikuwa za kampuni mbili tofauti. Nikauliza kuhusu mafuta ya VAQ. Akaniuliza VAQ ni nini.

Swali hilo ndilo lililonifanya nirudishe ufunguo. Difu ile ina mafuta yake na pampu yake, na ikiwa mwenye nayo hajui kama ipo, hakuna aliyeitunza. Nililitaka gari lile kuliko nilivyotaka kitu chochote kwa miaka mingi, na njia nzima ya kurudi sikuwasha redio.

La nne lilikuwa GTI ya kawaida kabisa. Farasi 220, gia za mkono, rimu za inchi 17, viti vya drafti, dari ya bati. Lilikuwa la mama mmoja mtu mzima ambaye alilinunua jipya. Alinipa mfuko wa risiti, kitabu cha sevisi kimejaa mihuri, na funguo zote mbili. Ndani ya buti, kwenye chumba cha tairi la akiba, kibandiko cha kiwandani bado kilikuwepo na misimbo yake ya herufi na tarakimu, na ililingana na kilichoandikwa kitabuni. Pampu ya maji na nyumba ya thamostati, ambazo ni za plastiki na huchoka kwa umri, zilikuwa zimebadilishwa mwaka uliotangulia. Kabla sijawasha aliniambia, "Subiri kwanza taa zote zizime, mwanangu." Klachi ilishika chini kabisa, imara.

Usiku ule nilirudi kwenye swali langu la mwanzo, na jibu likanishangaza. Breki za mbele za Performance zinafungika kwenye GTI ya kawaida. VAQ haifungiki kwa urahisi, lakini kwa giaboksi ya mkono kuna difu za kimakanika, Quaife na Wavetrac, zinazoingia ndani ya giaboksi na hazina pampu wala kompyuta. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na giaboksi lazima ishuke siku ya kubadilisha klachi. Maana yake, gredi niliyoitaka ninaweza kuijenga taratibu. Miaka tisa ya mtu kubadilisha mafuta kwa wakati siwezi kuijenga kwa namna yoyote.

Nikalinunua gari la yule mama.

Pua inakimbia nje kwenye ule mzunguko kukiwa na mvua, sitaficha, na kila nikipita pale nalikumbuka lile jeupe. Klachi bado ina maisha marefu, kwa hiyo difu itasubiri. Breki za mbele hazitasubiri: juzi nimepima diski, zimebakiza milimita moja kufika kikomo kilichochongwa pembeni mwake, na zitakazoingia ni za 340.