Deki ya Mkononi Inayostahili Kununuliwa

Kwa kuwa simu janja imeshaingia karibu kila nyumba, mtu anayetaka kununua deki ya mkononi, yaani ile yenye kioo na betri yake yenyewe, hana budi kuwa na sababu. Kwangu mimi sababu ni moja: icheze, bila kudai intaneti wala usajili, sinema ambazo familia tayari inazo kwenye sahani na flashi.

Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Sahani nyingi za DVD zinazouzwa rasmi hufungwa kwa namba za kanda, yaani maeneo ya dunia: Marekani ni kanda ya 1, Uingereza na nchi za Ghuba ni kanda ya 2, ilhali Afrika Mashariki imewekwa kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Ndiyo maana katuni ambazo shangazi amewatumia watoto kutoka Muscat, tena alizozinunua kihalali, zinaweza kukataliwa na mashine ya hapa, isipokuwa iwe imefunguliwa kwa kanda zote. Sahani zilizochomwa mtaani kwa kawaida hazina kikwazo hicho, jambo ambalo sidhani kama wenye sinema walilikusudia.

Flashi nayo ina yake. Mashine nyingi za bei nafuu husoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 tu, mfumo wa kupanga mafaili ambao haupokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi, na baadhi hazitambui video zilizobanwa kwa H.264, njia ya kupunguza ukubwa wa video iliyopitishwa mwaka 2003, sembuse H.265 ya mwaka 2013. Utasikia sauti bila kuona picha, au utaandikiwa kwamba faili halitambuliki. Kwa hiyo dukani ningekwenda na flashi yangu mwenyewe, nikaichomeka na kuipeleka sinema mbele na nyuma, na muuzaji akikataa ningejua pa kuelekea.

Kuhusu kioo, boksi huandika inchi 7 kwa herufi kubwa na kunyamazia pikseli, yaani nukta zinazounda picha, ambazo mara nyingi ni 480 kwa 234 tu. iPod ya video, kifaa cha mfukoni cha Apple kilichotoka Oktoba 2005, ilikuwa na pikseli 320 kwa 240 kwenye kioo cha inchi 2.5; ukizitandaza pikseli chache namna hiyo kwenye inchi 7, maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha husomeka kwa taabu.

Betri ningeitaka idumu angalau sinema mbili, itolewe kwa mkono ikichoka, na ichajiwe kwa waya uleule wa simu ili hata ndani ya basi la Mwanza pawerbanki iweze kuiokoa. Matundu mawili ya hedifoni yangetosha kuzuia ugomvi wa watoto. Bei ikizidi ile ya simu janja ya kawaida, ningenunua simu na memori kadi.