Maua na Mawe Katika Picha za Zamani

Wapendwa katika Bwana, wiki hii tufungue picha za zamani, zile za majira ya kuchipua: bustani imejaa maua, na nyuma yake kuna ukuta wa ngome, mnara wa kanisa au magofu ya kasri. Tukiziangalia, wengi wetu huyaonea maua huruma. Yale yamekwisha siku nyingi, tunasema, ila jengo, Mungu ashukuriwe, bado limesimama. Nadhani tunaweka tumaini letu upande usio wake.

Fikirini Notre-Dame ya Paris. Zipo picha nyingi za kanisa lile zilizopigwa kutoka upande wa nyuma, micheri imechanua mbele na mnara mwembamba umeinuka juu ya paa. Aliyepiga picha ya namna hiyo alijua petali zitapukutika baada ya siku chache, pengine ndiyo maana alifanya haraka. Mnara hakuuwazia kabisa. Kisha, tarehe 15 Aprili 2019, Jumatatu ya Juma Kuu, moto ulishika paa na mnara ukaanguka mbele ya macho ya watu. Miaka zaidi ya mitano ilipita, kwa jasho la mafundi na michango ya watu wengi, ndipo milango ikafunguliwa tena Desemba 2024. Mti unaochanua hauchangiwi. Majira yakifika, unachanua.

Bwana wetu alivitazama vyote viwili. Mwanafunzi mmoja alipomwonyesha mawe na majengo ya hekalu, alijibiwa kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe (Marko 13:1-2). Lakini mlimani, Yesu mwenyewe ndiye aliyewaambia watu wayafikirie maua ya mashamba, akasema hata Sulemani katika fahari yake yote hakuvikwa kama mojawapo la hayo. Hakuficha kwamba majani ya kondeni leo yapo na kesho hutupwa motoni. Hata hivyo Baba huyavika. Mimi hili hunishangaza kila nilisomapo: Mungu anatia uzuri mwingi hivyo kwenye kitu cha siku chache, na mwaka ukigeuka anautia tena, kama alivyomwahidi Nuhu kwamba majira hayatakoma.

Wala tusidhani kupenda majengo ya kale ni dhambi. Yesu aliulilia Yerusalemu alipouona (Luka 19:41). Ukiona picha ya mahali palipobomoka ukatokwa na machozi, lia.

Kuna jambo jingine kwenye picha za bustani za mwanzoni mwa karne ya 20. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walianza mwaka 1907 kuuza vioo vya kupigia picha za rangi, vilivyopakwa chembe ndogo sana za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Vioo hivyo vilihitaji mwanga wa sekunde kadhaa, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo bustani iliyotulia ilifaa kuliko mtoto anayekimbia. Upepo ukipita, ukuta ulitoka safi, kila jiwe na ufa wake, na ua likatoka na ukungu. Ukungu ule ni alama ya upepo wenyewe. Zaburi ya 103 inasema habari zetu kwa picha hiyohiyo: mwanadamu ni kama ua la kondeni, upepo hupita juu yake, nalo halipo. Watu wengi huishia hapo wakafunga Biblia. Mstari wa 17 unaendelea: fadhili za Bwana kwa wamchao ni tangu milele hata milele, na haki yake ina wana wa wana.

Wana wa wana! Basi ukikutana na picha ambayo kando ya waridi amesimama mtu uliyempenda, na sasa hayupo, usiifunike upesi. Mtaje kwa jina mbele za Mungu. Kama alipanda, kumwagilia au kukufundisha majina ya maua, shukuru kwa hilo hasa.

Kwa wiki hii, chagueni picha moja tu, msome mbele yake Mathayo 6:28-30 na Zaburi 103:13-18, kwa sauti, ikiwezekana pamoja na watoto. Waacheni wao waanze kusema wanachokiona.