Samaki wa dhahabu mchanga anayeelea kichwa chini

Samaki akielea ubavu au akipinduka tumbo juu, usikimbilie dawa. Pima maji kwanza: amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ziwe sufuri. Hazikuwa hivyo? Badilisha robo ya maji kila siku. Ya bomba yaache wazi saa 24 klorini itoke. Ya kisima karibu na pwani yaonje, maana mengi yana chumvi.

Wale wa mwili wa mviringo ndio wanaougua zaidi, kwa sababu matumbo yao yamebanana na kibofu cha hewa, mfuko wa ndani unaomsaidia samaki kuelea sawasawa. Chakula kikavu kinachoelea huvimba tumboni, na samaki humeza hewa akikidaka. Samaki mchanga asilishwe siku moja, mbili kwa wingi; huyu hana akiba mwilini kama mkubwa. Kisha chemsha njegere moja, imenye ganda, iponde, umpe kipande kidogo kuliko jicho lake. Baadaye roweka chakula dakika chache kabla ya kumpa.

Mhamishie kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 15, joto sawa na alikotoka, asichoke kupanda na kushuka. Chumvi ya haluli (magnesi salfeti, si chumvi ya mezani), kijiko kimoja cha chai kwa lita 20, iyeyushe kwanza pembeni. Pampu ya hewa isizimwe, hasa wakati wa kaskazi: maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe uyamimine taratibu.

Mgongo ukitoka nje ya maji, ngozi hukauka na kufanya kidonda. Magamba yakisimama, tatizo si kibofu tena. Hapo maji yamejaa mwilini, na kupona ni nadra.