Kwani huombei nchi?

Jumatano usiku, watu wamelala, na mimi bado namsikia yule mzee wa kanisa. "Kwani dada, wewe huombei nchi?" Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha chai na mandazi baada ya ibada, lakini kimenikwama.

Ilikuwa hivi. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa na wimbo wao, mwanangu Kadogo mstari wa mbele na viatu vipya, halafu mheshimiwa akaingia ibada ikiwa katikati, walinzi, kamera, kina mama wa viti vya mbele wakahamishwa, pasta akakatiza mahubiri, na cha kukatwa kwenye ratiba kikawa wimbo wa watoto. Tuliambiwa atatoa salamu tu. Salamu zikawa mabati ya kanisa, ahadi ya kinanda kwa kwaya, madongo kwa mpinzani wake, Warumi 13 ya kutii mamlaka, kisha sote tusimame tuimbe wimbo wa taifa. Tukasimama. Nikaimba hadi alto.

Sasa pale kwa chai nikauliza tu, kwani wimbo wa hawa watoto ungechukua dakika ngapi? Ndio akanirushia hilo la kuombea nchi. Nami nikajibu "Naiombea", kisauti chembamba, nikaendelea kumimina chai.

Naiombea! Tangu siku hiyo nimemjibu jikoni, nimemjibu ndani ya matatu. Kuna jibu la Katiba, Kifungu cha 8, hakuna dini ya taifa, ila najua angenirudisha kwa utangulizi wa Katiba hiyo hiyo ambako Mungu anatajwa hata kabla ya mashujaa. Kuna la Askofu Mkuu Ole Sapit, 2021, alipokataza wanasiasa kuhutubu kwenye mimbari za Kianglikana. Na kuna ninalolipenda zaidi, Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipoagiza pesa alizotoa Rais Ruto pale parokia ya Soweto zirudishwe, milioni 2 za nyumba ya padri na laki 6 zingine, kwaya ikiwemo. Za kwaya jamani! Kinanda chetu kina noti hazilii kabisa, na hiyo kamati yetu sioni ikilala na bahasha ndani ya nyumba halafu asubuhi iirudishe.

Na sio ati napinga kuombea nchi. Wimbo wa taifa wenyewe si ni sala, Ee Mungu nguvu yetu, tunaomba haki iwe ngao na mlinzi. Basi tuombe hiyo haki mbele za Mungu, sio mbele ya mtu ambaye barabara aliyotuahidi iliishia siku ya kukata utepe, amesimama pale madhabahuni anapokea sala yetu kama ni shukrani zake.

Wiki yenyewe imejaa, shemeji amejifungua salama (kijana!), Baba Kadogo ameitwa tena kazini, na mimi nazungushana na mzee ambaye pengine alishasahau akifika getini.

Jana Kadogo ananiuliza wimbo wa taifa ulitoka wapi. Nikamwambia sauti yake ilitoka kwa Wapokomo huko Tana River, ulikuwa wimbo wa kumbembelezea mtoto alale. Akanyamaza kidogo. "Ndio maana guka alilala?" Na ni kweli, baba mkwe alisinzia akiwa wima, kofia kifuani, mzalendo kamili! Nilicheka mpaka ugali ukashika chini, na Kadogo, wala hajui amesema nini, akaniimbia wimbo wake wote mle jikoni, beti zote, na vitendo vyake.

Leo jioni nimepitia kwa mama kumwachia maziwa. Vidonge vyake vya presha vimebaki vingi kuliko vinavyofaa kubaki tarehe hii. Nilipomuuliza anavimeza vipi, akaniuliza kama nimekula.