Nilivyopandisha kompresyo ya Corolla yangu nikalia mlimani Ngomo

Mimi si fundi. Ninauza ndagala. Ninashuka Uvira na Corolla yangu ya 1.6, injini ya 4A-FE, ninarudi na magunia mpaka soko la Kadutu hapa Bukavu. Siku moja maji yaliisha, injini ikachemka, kilasi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda. Hilo linatokea kwa kila mtu.

Ubaya uliletwa na kijana mmoja wa garaji. "Papa, usinyooshe tu. Mwambie turneri, yule mchonga vyuma, aichonge sana, kompresyo ipande. Hapa tuko mita 1,500, hewa nyepesi, utapata nguvu ya bure." Kompresyo ni kiasi ambacho pistoni inabana hewa na esanse (petroli) kabla cheche haijawaka; kilasi ikichongwa, nafasi inapungua, inabana zaidi. Kinachoniudhi ni kwamba hakudanganya. Huku kwetu kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani, silinda inameza hewa kidogo, basi injini inavumilia kompresyo ambayo Mombasa ingeishinda. Ila hakuniuliza gari inaenda wapi.

Turneri akachonga milimita 1.2. Wiki nzima nilitamba! Kupanda Kadutu nilikuwa naziacha teksi nyuma, nikianza kujiita piloti.

Kisha nikashuka Uvira. Kule ni chini ya Bukavu kwa mita 700 hivi, joto kali, hewa nzito. Nikajaza esanse ya bidoni kwa kadafi, wale wauzaji wa barabarani, oktani yake (nguvu ya kuvumilia kompresyo) anaijua Mungu. Wakati wa kurudi, magunia manane nyuma, nimetoka Kamanyola nimeanza tu kuupanda Ngomo, nikasikia ta-ta-ta-ta, kama misumari inatikiswa ndani ya kopo. Nikadhani ni bati la bomba la moshi limelegea. Nikaongeza sauti ya redio. Ndiyo, redio! Nilipanda mlima mzima nikiimba.

Kumbe ilikuwa esanse inajilipukia yenyewe ndani ya silinda. Kijana akarudisha nyuma avansi, yaani cheche iwake kwa kuchelewa. Mlio ulipungua, lakini gari ikawa nzito kama mgonjwa, inakunywa, inapata moto. Safari mbili baadaye ikaanza kutoa moshi. Tulipofungua, pistoni ya tatu ilikuwa imemeguka kati ya ringi, na bujia, zile zinazotoa cheche, zina vidoadoa kama zimenyunyiziwa pilipili. Hiyo pilipili ni alumini ya pistoni yako mwenyewe, ukiiona usiwashe tena.

Dawa mpya ya kijana: tuweke joani (gasketi) mbili chini ya kilasi, moja juu ya nyingine, nafasi iongezeke. Hapo nikamwambia asante, nitapima mwenyewe.

Silinda ya 4A-FE ina kipenyo cha milimita 81 na pistoni inatembea milimita 77. Piga hesabu, ni sentimita za ujazo 397. Kompresyo ya kiwandani ni 9.5, yaani pistoni ikifika juu inabaki nafasi ya sentimita za ujazo 46.7 tu. Sasa utapimaje shimo lenye umbo la ajabu vile? Nilienda famasi nikanunua sindano ya mililita 20. Muuzaji akaniuliza, "Mgonjwa ana nini?" Nikajibu amechongwa sana. Halafu nikachukua kasha la CD la mama watoto, lile la plastiki inayoonyesha, nikatoboa tundu mbili kwa msumari wa moto, nikapaka grisi kwenye kilasi, nikalibandika juu ya chumba chake, pale esanse inapowakia, valvu zimefungwa na bujia ipo mahali pake. Nikajaza mafuta ya taa kwa sindano, polepole, mpaka povu la mwisho likatoka kwenye tundu la pili. Nilirudia vyumba vyote vinne, maana turneri akikosea kidogo havilingani.

Nikapima na kilasi ya okazyo, yaani iliyotumika, ambayo haijachongwa. Tofauti ilikuwa karibu sentimita za ujazo 6 kila chumba. Zitoe kwenye 46.7, zinabaki kama 41, kompresyo 10.7. Na magunia manane, na esanse ya kadafi!

Ile okazyo nikainunua, dola 80 au 90, sikumbuki vizuri kwa sababu pistoni na joani ndizo zilizoniuma. Nikarudi kwa turneri: "Mzee, milimita 0.2, isizidi." Akanitazama. "Si wewe uliyetaka nimalize chuma chote?" Nikanyamaza.

Sasa iko kwenye 9.7 hivi, avansi imerudi kwenye digrii 10. Teksi za Kadutu zinanipita tena. Ila Ngomo naupanda na magunia manane, redio nimeizima, nasikiliza injini tu. Mama watoto bado anauliza kasha lake liko wapi.