Marvin yangu ya kwanza ilitoka kubwa kama karai

Julai hapa Nakuru asubuhi ni baridi ya kuuma masikio, nikaamua kujifumia marvin, ile kofia ya uzi ya kufuma. Jirani yangu, mama mmoja mwenye mkono mwepesi, akaniambia: "Anzisha vitanzi 110, hutakosea." Nilikosea. Kofia ilinifika puani, na mtoto akauliza kama ni ya kufunika sufuria.

Kumbe kasoro haikuwa hesabu yake. Yeye hukaza uzi, mimi huulegeza. Nilifuma kipande kidogo kwa uzi na sindano zilezile, nikakilaza mezani bila kukivuta, nikahesabu: vitanzi 18 ndani ya sentimita 10. Vyake ni 22. Kwa hiyo 110 zake hutoa sentimita 50, zangu zinatoa 61, na kichwa changu ni 56!

Nikafumua yote (roho iliuma, wiki nzima ya jioni). Kofia hutakiwa iwe ndogo kuliko kichwa ili ishike, basi nikalenga sentimita 51. Mara 1.8 (vitanzi vyangu kwa kila sentimita), kama vitanzi 92, nikaongeza 2 vya kuliwa na mshono wa nyuma. Pindo nikalifuma viwili vya mbele, viwili vya kinyume, maana hilo hunyumbuka.

Nilipofika sentimita 20 sikuhangaika na kupunguza vitanzi. Nilipitisha uzi ndani ya vyote, nikavuta, nikafunga. Juu pana mikunjo kiasi. Nimeifunika kwa kishada cha nyuzi. Mtoto sasa anaitaka yeye.